Muulize Mfamasia: Flagyl haiwezi kushika zamu ya amoksisilini

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia antibayotiki. Nimechukua nne.

Dada mfamasia, habari za kazi. Mwezi uliopita tuliumwa watatu nyumbani. Mwanangu alipewa amoksisilini ya kifua, mimi siprofloksasini ya UTI, mama mkwe Flagyl ya tumbo. Nilipouliza nikaambiwa zote ni antibayotiki. Sasa kwa nini nisinunue aina moja nikaiweka kabatini, akiumwa mtu anameza?
*Mama wa watoto wawili, Tanga*

Salama dada yangu, na poleni kwa kuuguliwa. Nimekaa dirisha la dawa miaka 19 na swali hili nimeulizwa kuliko lolote jingine. Wanaouliza hujibiwa haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Leo hakuna foleni.

Antibayotiki ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo kila mmoja ana mahali pake anapompiga bakteria, na pakikosekana mahali hapo, dawa inapita tu mwilini mwako mpaka chooni.

Tuanze na ya mtoto. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu. Maji yanataka kuingia ndani ya seli muda wote, na ukuta huo ndio unaoizuia isivimbe ikapasuka. Umejengwa kwa nyuzi zilizofungwa pamoja, kama mafundi wanavyofunga nondo kwa waya kabla ya kumwaga zege. Kuna kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi maalumu ndani ya seli, ambacho kazi yake ni kufunga huo waya. Amoksisilini, ambayo ni ya familia ya penisilini, ina umbo linalofanana na kile kipande ambacho kimeng'enya hukishika. Kikishaishika dawa kimenasa, hakifungi tena. Bakteria anaendelea kukua, nondo zinasimama bila waya, maji yanaingia, anapasuka. Seli zetu sisi hazina ukuta wa namna hiyo hata kidogo, ndiyo maana mtoto anaimeza na mwili wake unabaki salama, isipokuwa kwa wachache wenye mzio wa penisilini.

Nilizijua habari hizi kwa kusoma, lakini nilizielewa kwa kuuguza. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 9 alikohoa karibu wiki mbili, amoksisilini anameza kwa saa zake, mimi mwenyewe nampa, na homa ya jioni haikatiki. Daktari aliyemwona mara ya pili alihisi ni maikoplazma, bakteria mdogo sana ambaye hana ukuta. Niliposikia hivyo nilikaa kwenye benchi pale nje. Nilikuwa nampa mtoto dawa nzuri ya kuvunja ukuta wa kitu kisicho na ukuta. Akabadilishiwa azithromaisini, na siku ya tatu aliomba chapati.

Sasa ya kwako. Bakteria anayesababisha UTI mara nyingi ni E. koli. Urefu wake ni kama sehemu 2 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, lakini uzi wake wa DNA ukiunyoosha unazidi milimita 1. Hebu fikiria kamba ndefu mara mamia kuliko sanduku inamowekwa. Ili ikae, lazima isokotwe, na kila bakteria anapotaka kujigawa lazima isokotolewe. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hukata uzi, hupitisha uzi mwingine kwenye nafasi, kisha huunga. Siprofloksasini hukikamata katikati, kimeshakata na hakijaunga. Uzi unabaki vipande vipande.

Flagyl ya mama mkwe, yaani metronidazoli, ni dawa ya ajabu kwa kuwa inapoingia mwilini imelala. Huamshwa na viumbe wanaoishi pasipo oksijeni, kwa sababu wao ndio wenye kemia ya kuibadilisha. Ikishabadilishwa humo ndani yao, inararua DNA yao. Huwapata bakteria wa ndani ya utumbo na wa jipu la fizi, na pia amiba na giardia ambao si bakteria kabisa. Lakini bakteria wa kawaida wa nimonia ya mtoto hawezi kuiamsha. Ungempa mwanao Flagyl kwa kifua kile, ingebaki imelala na nimonia inaendelea. Na mama mkwe angepewa amoksisilini kwa amiba, amiba hana ule ukuta.

Zipo familia nyingine. Doksisaiklini, azithromaisini na jentamaisini zote hushambulia ribosomu, kile kiwanda kidogo cha kutengeneza protini ndani ya bakteria, kila moja kwa mlango wake: doksisaiklini huziba mahali malighafi inapoingilia, azithromaisini huziba njia ambayo protini hutokea, na jentamaisini humfanya msomaji wa ramani asome vibaya, bakteria akatengeneza protini mbovu. Septrin hukata chakula: bakteria lazima wajitengenezee wenyewe foleti, aina ya vitamini, sisi tunaila kwenye mchicha na maharage. Kidonge cha kawaida cha miligramu 480 kina dawa mbili ndani, 400 za moja na 80 za nyingine, na kila moja hufunga hatua tofauti ya mapishi hayohayo.

Mafua ya kawaida ni kazi ya virusi. Virusi hana ukuta huo wala ribosomu yake, hivyo hakuna hata moja kati ya hizi inayomgusa.

Jambo la mwisho kuhusu kabati lako, na hili ndilo linaloniumiza. Bakteria nao wana njia za kujitetea. Wapo wanaotoa kimeng'enya cha kukatakata penisilini kabla haijafika ukutani, na ndiyo sababu kuna amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo kazi yake ni kukidaka kimeng'enya hicho. Wapo wanaoisukuma dawa nje kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi. E. koli kwenye mazingira mazuri hujigawa kila dakika 20. Mmoja aliyenusurika asubuhi ana wajukuu wasiohesabika jioni. Kila mtu akichota kabatini vidonge viwili vitatu anapojisikia vibaya, tunawaua wanyonge na kuwafuga wenye nguvu. UTI ikikurudia, dada, usirudie siprofloksasini kwa mazoea. Omba mkojo uoteshwe maabara, waone ni dawa ipi bado inamuua huyo uliye naye.

Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji. Nilipimwa nikaambiwa nina brusela, nikapewa doksisaiklini za wiki 6 na sindano. Vidonge vinanichoma kifuani, kwa hiyo navishushia na maziwa. Mwenzangu kaniambia nakosea. Ni kweli?
*Kijana wa Simanjiro*

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na nashukuru umeandika kabla wiki 6 hazijaisha.

Maziwa yana kalisi nyingi, yaani madini ya kalsiamu. Dawa za familia ya tetrasaiklini hushikana na kalisi, zikawa donge lisilopita vizuri kwenye utumbo kuingia damuni. Doksisaiklini huathirika kidogo kuliko tetrasaiklini ya zamani, ila brusela si ugonjwa wa kuupunguzia dawa. Bakteria wake hujificha ndani ya seli zako mwenyewe; ndiyo maana umepewa dawa inayoweza kuingia humo, kwa muda mrefu, tena na mwenzake. Acha nafasi ya saa 2 hadi 3 kati ya kidonge na maziwa au mtindi. Vivyo hivyo kwa dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa madini yake hufanya jambo lilelile.

Kuchoma kifuani kuna dawa yake: meza baada ya kula ugali, kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Kidonge cha doksi kikikwama kooni kinachubua.

Wadogo zako wasiguse vidonge hivyo. Kule kushikana na kalisi nilikokueleza hutokea hata kwenye meno yanayoota, yakabaki na rangi ya manjano au kahawia maisha yote. Mjamzito naye asivimeze.

Na hayo maziwa, mwanangu, unayachemsha? Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi ndio huo brusela yako, na maziwa mabichi ni njia yake kubwa. Kama kuna mnyama aliyetoa mimba kwenye zizi lenu, mwite ofisa mifugo, na usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Kwetu mtu akijikata, tunafungua kidonge cha rangi mbili tunamwagia unga kwenye kidonda na kinakauka vizuri. Kuna ubaya?
*Msomaji, Ifakara*

Upo. Kukauka unakokuona ni unga uliogandamana na damu ukafanya gamba, na chini ya gamba usaha unaweza kuendelea. Unga ule haukutengenezwa kuwa safi kwa kidonda, bali kwa tumbo. Ulipimwa ili uingie damuni kwa kiasi fulani kila baada ya saa kadhaa. Ukiumwaga, katikati dawa ni nyingi mno na pembezoni ni kidogo, na bakteria wa pembezoni ndio wanaopata shule ya kuizoea. Mwili nao unaweza kuanza mzio kupitia kidonda hichohicho.

Watu wenye elimu kubwa walishalijaribu hili. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani walibeba paketi za unga wa salfa, ndugu wa Septrin, wa kumwagia majeraha. Baadaye desturi hiyo iliachwa. Usaha na nyama iliyokufa vina vitu vilevile ambavyo salfa inataka kuwanyima bakteria, kwa hiyo walikuwa wanalishwa na kidonda chenyewe.

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Kidonda kirefu, cha msumari wenye udongo, cha kuumwa na mnyama, au cha mgonjwa wa kisukari, nenda kituoni siku hiyohiyo, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Mwanangu mfamasia, nina miaka 71, niko mwezi wa tatu wa dawa za TB. Marehemu kaka yangu alitibiwa mwaka 1968, sindano na vidonge, mwaka mzima na ushee. Mimi naambiwa miezi 6. Mwanzoni kidonge kimoja kina dawa nne ndani yake, na mkojo ni mwekundu. Kikohozi kimeisha. Kwa nini dawa nne, na kwa nini nisiache sasa?
*Mzee wa Kigoma*

Shikamoo baba. Hongera kwa kufika mwezi wa tatu.

Miezi 6 hiyo ina historia hapa kwetu. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na wa Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, ukaonyesha kwamba dawa mpya ya rifampisini ikiongezwa, miezi 6 inatosha. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa wa rika la kaka yako. Dawa unayomeza inatokana na mwili wao.

Bakteria wa TB ana ukuta wenye nta, na hujigawa kwa karibu siku nzima, si dakika 20. Isoniazidi huharibu utengenezaji wa nta hiyo, na ethambutoli huharibu sehemu nyingine ya ukuta huohuo. Rifampisini hufunga mashine inayonakili maagizo ya DNA. Pirazinamidi huwapata waliosinzia mahali penye asidi, ambapo dawa za ukuta haziwafikii vizuri.

Sababu ya kuzichanganya ni hesabu. Tundu moja kwenye pafu linaweza kubeba bakteria milioni 100. Kwa kawaida, kati ya milioni 1 kuna kama mmoja aliyezaliwa sugu kwa isoniazidi, na kati ya milioni 100 kama mmoja aliyezaliwa sugu kwa rifampisini. Ukipewa moja tu, yupo atakayebaki. Lakini wa kuzishinda zote mbili kwa pamoja ni mmoja katika milioni 100 zilizozidishwa kwa milioni 1, na pafu halina nafasi ya kuwabeba wote hao.

Kikohozi kimeisha kwa sababu waliokuwa macho wamekufa. Waliosinzia hawakohozeshi mtu, na ndio wanaomezewa miezi iliyobaki. Ukiacha leo wanaamka, na ukirudi kwa kuruka siku unawakuta sugu, na matibabu ya TB sugu ni mazito kuliko haya.

Wekundu wa mkojo ni rangi ya rifampisini yenyewe. Jasho na machozi nayo hugeuka rangi, kwa hiyo kanzu nyeupe ya Ijumaa inaweza kupata madoa. Lakini macho yakiwa ya manjano, ukitapika mfululizo, au vidole vya miguu vikianza kufa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo. Kama unameza dawa nyingine, ya kisukari, ya presha au ya kuzuia damu kuganda, mpe mhudumu orodha yake, kwa maana rifampisini hulifanya ini lizitoe mwilini haraka kuliko kawaida. Na mwisho wa mwezi wa 5 watakuomba makohozi tena. Toa ya asubuhi, kabla hujanywa chai, yatoke ndani ya kifua.