Swali la lugha: Iboga inamlevya nani?

Swali: Jambo muzee Mwalimu. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, kikundi chetu cha vijana kinatayarisha mafundisho juu ya mimea kama iboga ya Gabon na ayahuasca ya Amazon, pamoja na desturi za wenyeji wanaoitumia. Karatasi ilitoka kwa Kifaransa, mimi ndiye naiweka kwa Kiswahili. Penye "mimea ya psikedeliki", yaani inayomfanya mtu aone maono, nimeandika "madawa ya kulevya ya asili", na penye "shamani", yule mtu wa tiba na mizimu anayeongoza ibada, nimeandika "mchawi". Mjomba wangu alisoma, akaweka kikombe chake cha kasiksi, pombe ya ndizi, chini, akasema: utafungwa wewe. Sasa, neno sahihi ni madawa au dawa?

Jibu: Binti yangu, umeuliza juu ya "ma-", nami nitajibu juu ya "kulevya". Utanisamehe. Dawa tuliipata kwa Waarabu, na wingi wake ni dawa vilevile. Lakini mji unaosema manyumba na masaa umeshanimaliza nguvu za kupigania kiambishi. Andika dawa. Ukitamka madawa nitajifanya sikusikia.

Kulevya, hapana. Hilo siliachi.

Kulevya ni kumfanya mtu alewe, na Bukavu hatuhitaji kamusi kujua kulewa ni nini. Mtazame jioni mtu aliyekunywa chupa mbili za kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji: barabara imekuwa nyembamba kwake, anaisalimu nguzo ya umeme, anaomba msamaha kwa mbuzi, anabisha mlango wa jirani akidai chakula chake. Huyo amelevywa. Kanyanga imetimiza kitenzi chote, haikubakiza hata silabi. Sasa niambie ni redio gani umewahi kuisikia ikiita kanyanga "dawa ya kulevya". Mimi sijaisikia. Kanyanga ni kinywaji, na siku ikikamatwa ni "pombe haramu". Bia ni bia, inadhamini mpira na kupamba harusi. Kasiksi ya mjomba wako ni desturi ya wazee. Lakini msokoto wa bangi, unga wa heroini, na mzizi wa Gabon ambao polisi wa huku hajawahi kuuona hata kwa picha, vyote vinatiwa gunia moja lenye maandishi "dawa za kulevya". Yaani kinacholevya kuliko vyote ndicho kimeachwa nje ya gunia!

Chukua iboga. Katika Bwiti, dini ya jadi ya Gabon, kwa Wamitsogo, Wafang na wengine, anayeingizwa katika dini hula maganda ya mzizi huo, kisha anakesha kwa nyimbo na kinubi, akitazama yanayomjia, wakiwemo wazee waliokwisha kufa. Wenzake wamemzunguka na kumlinda. Nguzo ya umeme haisalimu. Mwaka 2000 serikali ya Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa, na sidhani umewahi kusikia nchi ikijivunia dawa za kulevya kama urithi wake. Simaanishi kwamba ni maji ya machungwa. Ibogaini, kemikali iliyotolewa katika mmea huo mwaka 1901, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa nayo. Karatasi yako iseme hivyo waziwazi. Ila ona: hata hatari hiyo "kulevya" haikuitaja. Ukimwonya mtu kwamba atalewa, atatafuta ukuta wa kuegemea. Moyo wake hataukumbuka.

Neno "psikedeliki" lenyewe halina ulevi hata tone. Daktari Mwingereza Humphry Osmond alilitunga mwaka 1956, akiandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley, kwa maneno mawili ya Kigiriki: nafsi, na kudhihirisha. Wenyeji nao hutaja wanachokiona. Ayahuasca ni Kikechua: aya ni mfu au roho, waska ni kamba. María Sabina, mganga wa Kimazateki kule Huautla, Meksiko, uyoga wake aliuita watoto watakatifu. Mtu yuko na watoto wake watakatifu, sisi tunamletea lugha ya kituo cha polisi.

Mimi ningeandika "mimea ya maono". Watu wa vyumba vya maombi watanung'unika kwamba maono ni yao. Wavumilie. Mashirika ya hapa mjini yamekuwa na "maono ya miaka mitano" bila kufunga na bila kutafuna mzizi wowote, na hakuna aliyelalamika. Mbele ya hakimu "dawa za kulevya" itabaki, najua. Sheria ina msamiati wake, na mimi nimezeeka.

Lakini "mchawi"! Ungekuwa darasani kwangu ungejibu umesimama. Shamani ni neno la Watungusi wa Siberia, kwenye theluji. Karatasi ya Kifaransa imemvika mtu wa Gabon koti hilo la baridi, nawe umemvua ukamvika ulozi. Na kumbe ana jina lake: nganga. Lisome tena, kwa sauti. Ndiye mganga wa watu wa pwani, ndiye munganga wetu wa huku, yule wa blauzi nyeupe anayekupima damu. Ndugu yako wa ukoo ametoka msitu wa Gabon mpaka mlangoni pako Kadutu, nawe unampokea kwa "mulozi wee"! Mulozi huloga, mufumu ndiye anayeitwa usiku kutafuta aliyeloga. Mama mzee yeyote wa Kabare angekufundisha tofauti hiyo kabla hujamaliza kumsalimu.

Iboga yenyewe usiitafsiri, hakuna aliyewahi kutafsiri bugali. Na huyo mjomba, muulize kwa heshima: kikombe alichokiweka chini kilikuwa cha ngapi?