Kwa mnaoanza na mishelisheli na mifenesi: shughulikieni mizizi kwanza

Wadau mnaoanza na hii miti naomba mnisikilize kidogo kabla hamjachimba mashimo. Nimekaa na mishelisheli na mifenesi muda mrefu na kila mara naletewa swali lilelile, mti umenyauka, mti umedumaa, majani yanageuka njano, na mtu anakuonyesha picha ya majani tu. Shida nyingi za hii miti haziko kwenye majani, ziko chini ya udongo. Mizizi ikikosa hewa au ikiumia wakati wa kuhamisha mche, hata umwage mbolea gani haisaidii kitu.

Tuanze na mche maana hapo ndo wengi wanaanguka mapema. Mshelisheli wa kulima aina nyingi hazina mbegu kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia ana mbegu za shelisheli muulize vizuri, huenda ni za fenesi au za yule ndugu yake wa mbegu nyingi ambaye watu wanachemsha mbegu zake badala ya nyama ya tunda. Mshelisheli usio na mbegu unatoka kwenye machipukizi ya mizizi, vipande vya mizizi, au tawi lililooteshwa mizizi likiwa bado juu ya mti. Ndo maana zamani Wapolinesia, wenyeji wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, walikuwa wanausafirisha ukiwa hai ndani ya mitumbwi, kisiwa hadi kisiwa, na Waingereza walipotaka kuupeleka Karibi ilibidi wajaze meli miche. Ile safari ya nahodha William Bligh na meli ya Bounty iliishia kwenye uasi mwaka 1789 na waasi wakaitupa baharini miche yote zaidi ya 1,000, ikabidi afunge safari nyingine mpaka 1793 ndo miche ikafika St Vincent na Jamaica. Mti ungekuwa na mbegu za kubeba mfukoni hayo yote yasingetokea.

Sasa ukiona chipukizi limetoka pembeni ya mti mkubwa usilivute. Nasema tena usilivute. Fukua taratibu kwa mkono au kijiti mpaka uone mzizi mama, alafu angalia kama chipukizi lina mizizi yake midogomidogo. Kama halina bado, kata mzizi mama upande ule unaotoka kwenye mti, rudishia udongo, mwagilia na uliache hapohapo wiki kadhaa lijitegemee, baadaye ndo unalitoa na kipande cha mzizi mama pamoja na udongo wake. Punguza majani makubwa kwa kuyakata nusu maana mizizi michache haiwezi kunywesha majani yote yale, weka kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), weka kivulini. Mtu anayeling'oa kwa nguvu na kulipanda juani siku hiyohiyo atakuja kusema mshelisheli ni mti mgumu, kumbe sio mti.

Vipande vya mizizi navyo vinafanya vizuri sana kama una subira. Chukua mizizi yenye unene wa sm 2 mpaka 6, kata vipande vya kama sm 20, na uchukue wakati mti umepumzika, yaani mavuno yameisha na majani mapya hayajaanza kutoka, maana hapo mzizi una akiba ya chakula. Tumia kisu kikali kisafi, na usikate mizizi mingi ya mti mmoja kwa mara moja, chukua kidogo upande huu kidogo upande ule. Laza vipande kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kiasi, weka kivulini na udongo uwe na unyevu tu sio tope. Alafu subiri. Vingine vinachelewa miezi kadhaa kutoa chipukizi na hapo ndo mtu anaanza kufukuafukua kila wiki kuangalia, kila ukifukua unavunja vile vizizi vipya vyembamba ambavyo hata huvioni. Viache.

Mfenesi ni habari nyingine kidogo, huu unaota kwa mbegu vizuri ila mbegu isianikwe. Ukishakula fenesi osha mbegu ule utelezi utoke na uzipande ndani ya siku chache, zikikauka zimekufa hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Mbegu ikishaota inashusha mzizi mkuu haraka kuliko unavyodhani, kwenye kiriba kifupi mzizi unafika chini unaanza kujizungusha, na mti ukishazoea hivyo unakuja kuyumba na kudumaa miaka ya mbele bila wewe kujua sababu. Tumia kiriba kirefu na uhamishe mche ukiwa bado mdogo wa majani machache, au panda mbegu moja kwa moja pale mti utakapoishi, mimi hiyo ya pili ndo naipenda zaidi kama unaweza kuilinda na wanyama. Jua tu kwamba mti wa mbegu hautakupa fenesi lilelile ulilokula, unataka lilelile tafuta mche uliobebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kipande cha mti unaoutaka.

Eneo. Chimba shimo, lijaze maji, yakiisha jaza tena, alafu uje kesho yake. Ukikuta maji bado yamesimama hapo usipande, au kama huna pengine nyanyua tuta pana na la juu upande juu yake na utengeneze mfereji wa kutolea maji. Mfenesi hasa hauna uvumilivu kabisa na maji ya kutuama, siku chache tu mizizi inaanza kuoza na majani yananyauka, na mwenye shamba akiona majani yamelegea anaongeza maji! Hapo ndo anaumaliza. Ukiona mti umelegea na udongo una maji, acha kumwagilia, kwanza toa maji yaliyopo.

Kwa hali ya hewa, mshelisheli unapenda joto la nyuzi 21 mpaka 32 na mvua ya mm 1500 hadi 3000 kwa mwaka, pungufu ya hapo umwagilie. Baridi kali inaua. Nafasi acha mita 10 mpaka 12 kati ya mti na mti hata kama leo mche unaonekana kakijiti tu, na usipande karibu na ukuta wala karo la maji machafu, mizizi yake inatambaa mbali sana karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo pia usilime na jembe chini ya mti. Weka matandazo, majani makavu, nyasi, ila yasiguse shina. Na kwa mshelisheli kila mzizi unaoukata na jembe unaweza kutoa chipukizi, utajikuta na kichaka.

Mche mchanga uwekee kivuli mwaka wa kwanza, baadaye unataka jua lote. Zungushia uzio maana mbuzi na ng'ombe wanapenda majani na magome yake, na kama unatumia mashine ya kukatia nyasi kaa mbali na shina. Mti uliochubuliwa kuzunguka shina lote haponi tena, ni kungoja tu ufe.

Mshelisheli wa chipukizi unaweza kuanza kuzaa miaka 3 hadi 5, wa mbegu uchelewe zaidi. Na hapa kuna kitu kinawatisha wageni wote: mti unatoa vitu virefu kama rungu, siku chache vinakauka vinaanguka chini, mtu anapiga kelele matunda yanapukutika. Hayo sio matunda jamani, ni maua dume, kazi yake imeisha. Matunda yanatoka kwenye yale maua ya mviringo. Kwenye mfenesi nako maua dume yanageuka meusi yanaota ukungu na kuanguka, hilo ni kawaida, ila yaliyoanguka yaokote na yaliyokwama juu yatoe kwa sababu ule ukungu unahamia kwenye matunda machanga. Na fenesi zikiwa zimebanana kwenye kikonyo kimoja, toa nyingine ubakize moja nzuri, unaumia moyoni najua, lakini zikigusana pale katikati unyevu unakaa na zinaoza.

Kupogoa fanya baada ya mavuno. Matawi ya mshelisheli ni mepesi kuvunjika na mti ukiachiwa unafika mita 15, 20, sasa nani atapanda huko juu kuchuma? Anza kuuzuia ukiwa mdogo. Kuna aina zenyewe ni fupi kidogo, kama Ma'afala ya kule Samoa, ukipata mche wake kwa eneo dogo chukua.

Kuchuma shelisheli usingoje lilainike mtini kama unalitaka kwa kupika. Angalia ngozi, kile kijani kibichi kinafifia kuwa na unjano au ukahawia, vile vigamba vinakuwa bapa, na unaona michirizi ya utomvu imekauka juu ya ngozi. Tumia fimbo ndefu yenye kikapu au wavu, lisidondoke, likipiga chini linalainika haraka na upande mmoja unaharibika. Likishachumwa ligeuze kikonyo kiangalie chini utomvu uchuruzike wote. Baada ya hapo una siku moja mpaka tatu hivi kabla halijaiva na kuwa laini tamu, kama hujawa tayari kulipika litumbukize zima kwenye maji baridi litasubiri kidogo.

Fenesi ligonge kwa kiganja, changa linatoa sauti kavu, lililokomaa linatoa sauti ya mvumo wa chini kama kuna uwazi ndani, miiba inakuwa imetanuka na kuachana, na lile jani la mwisho karibu na kikonyo linakuwa njano. Kata kikonyo huku mwenzako amelishika kwa chini, na kabla ya kulipasua pakaeni mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu, utomvu wake maji na sabuni peke yake haviutoi.