Tantine Anajibu: Kichwa Kimejaa, Mikono Iko Kwenye Unga

Mwezi huu mesaji nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, stresi ya nyumbani na hizi kazi za mikono ambazo watu wanafanya ili roho itulie: kupika, kufua, kupiga deki. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu ju ndani yake naona watu wengi wa hapa kwetu Bukavu, Kongo, zingine ni fupi.

Tantine, jambo sana. Niko mama wa watoto watatu, tunakaa Kadutu. Projeti niliyokuwa nafanyia kazi ilifungwa, sasa niko nauza nguo kidogo kidogo pale sokoni Nyawera na siku zingine narudi mikono mitupu. Nikifika nyumbani roho imenibana, kitu kinachonituliza ni kutengeneza bitumbura (vitumbua vya ngano) tu. Ata saa tatu za usiku nawasha mbabula (jiko la mkaa), nakoroga unga, napika mpaka beseni inajaa. Bwana yangu anasema naharibu makala (mkaa) na mafuta, eti kama nataka kupumzika niende nikalale. Lakini nikilala bila kufanya vile ndipo mawazo yanaanza. Je, niko na ugonjwa? (Mama B., Kadutu)

Hapana Mama B., huna ugonjwa, uko na akili ya mikono. Mwili ukiwa na hofu unamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, yani mwili umejiandaa kukimbia ao kupigana, na wewe hukimbii wala hupigani, umekaa kwenye kiti unahesabu deni la nyumba. Ile nguvu yote inabaki ndani bila kazi. Ukianza kukoroga unga unaipa kazi, mabega yanashuka, pumzi inafuata mwendo wa mkono bila wewe kujua. Ndiyo maana bwana yako akikwambia ulale haisaidii, ju kitandani mikono haina la kufanya na kichwa kinafanya peke yake.

Halafu angalia vile unavyopika. Unachota unga mlaini, unafunga ngumi, kinatokea kitufe kati ya kidole gumba na cha shahada, unakikata na gumba kinaangukia kwenye mafuta, kinazama kidogo, kinapanda, na kikiiva upande wa chini kinajigeuza chenyewe. Nani atawaza deni hapo? Mafuta ya moto hayana msamaha, ukiwaza deni unaungua.

Na kuna hili lingine, mimi ndilo naliona kubwa kuliko yote: projeti ilifungwa hakuna aliyekuuliza, mteja wa Nyawera ananunua akipenda, lakini unga ukiuwekea levire (hamira) na maji ya vuguvugu unaumuka. Mtu ambaye siku nzima mambo yanaamuliwa bila yeye anahitaji jambo moja ambalo ameamua mwenyewe, ameanza mwenyewe, na limeisha akaliona kwa macho. Watu wa saikolojia wana tiba karibu na hiyo kwa wagonjwa wa huzuni: mgonjwa hangojei roho ipone ndipo afanye kitu, anaanza kufanya kakitu kadogo na roho inakuja nyuma.

Sasa upande wa bwana yako, usinichukie nikisema hivi, kwa makala ana haki nusu. Bei unaijua, na makala mengine yanatoka mpaka ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega ambako hakuna ruhusa ya kukata mti. Kwa hiyo usiwashe moto wa pili usiku. Jioni koroga unga tu, kwa kilo moja ya ngano weka kijiko kidogo kimoja cha levire badala ya kile kikubwa, chumvi, sukari, funika na kitambaa ulale. Usiku wa Bukavu ni baridi, unga utaumuka polepole mpaka asubuhi na ladha itakuwa nzuri zaidi. Kule kukoroga na kupiga unga na kiganja ndiko kunakokutuliza, kule kupika kunaweza kungoja moto wa chai ya watoto.

Majirani watakwambia uza. Uza, franga zinahitajika, lakini usiviuze vyote. Siku kila kitumbura kitakuwa na bei kichwani, utakuwa umepata kazi ingine na umepoteza mapumziko yako. Weka ata siku moja ya wiki ambayo unapika za kula na za kugawia jirani tu. Na tafadhali, mvua ikinyesha usiingize mbabula ndani ya chumba ukafunga mlango na dirisha ili mpate joto, moshi ukiisha watu wanafikiri hatari imeisha, kumbe ile gazi ya monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Tantine, mimi ni mwanafunzi, tunapanga watatu kule Panzi. Jumamosi yangu ni kufua, kupiga pasi ya makala, kusugua sufuria na majivu mpaka zing'ae, nikimaliza nasikia kichwa chepesi ata kama wiki ilikuwa ya mitihani. Wenzangu wananicheka eti nitakuwa bibi mzuri wa mtu. Niache? (Kijana wa Panzi)

Uache nini, mwanangu? Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, tuliipata tangu wakati wa Mobutu, wanaume wazima na suruali zao walishika fagio na jembe barabarani na hakuna aliyegeuka bibi ya mtu. Endelea. Ila nikuonye jambo moja: wewe unasugua sufuria za watatu? Kama unasugua zako ni mapumziko, kama unasugua za watatu kila Jumamosi ju wenzako wamejua unapenda, hiyo inaitwa kazi bila mshahara. Sufuria zao warudishie vile vile na masizi yake. Na siku watakapokuja kuazima shati lako lililopigwa pasi kwa ajili ya harusi, waambie bibi mzuri wa mtu hayuko nyumbani.

Tantine nisaidie. Tangu vita viingie hapa mjini Februari 2025 siwezi kukaa. Napiga deki asubuhi, mchana, usiku watoto wakilala naanza tena, naosha sahani ambazo zilishaoshwa. Mbele nilikuwa napenda usafi na ulinifurahisha, sasa haunifurahishi, lakini nikiacha nasikia kama kuna jambo baya litatokea. Vidole vimepasuka kwa sabuni. Usingizi labda masaa matatu tu kwa usiku. (Dada wa Muhungu)

Dada yangu, pole, tena pole sana. Hii si ile ya Mama B., na sitakwambia upike bitumbura.

Usafi unaotuliza una mwisho: unapiga deki, unakamua torshoni, unakaa mlangoni unangoja sakafu ikauke, na kifua kinalegea. Wewe sasa unasafisha ili hofu isije, na hofu haishibi, ukiipa chumba kimoja inaomba nyumba nzima. Vidole kupasuka, kuosha kilichooshwa, kuwaza kwamba ukiacha baya litatokea, na usingizi kuisha, hizo zote pamoja zikipita wiki mbili ni za kumwonyesha muganga wa hospitali. Si wazimu na si mapepo. Baada ya vita watu wengi miili yao inabaki kwenye ulinzi ata kama risasi zimenyamaza, wengine wanashtuka mlango ukigongwa, wengine wanakunywa, wewe unasugua.

Bukavu hatuna sababu ya kuona haya. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliifungua 1999, imezoea kusikiliza watu waliopita katika mambo mazito, na kuna SOSAME, kituo cha Mafrera (watawa) wa Charité kwa magonjwa ya akili. Najua mtu akisikia SOSAME anasema ni kwa wale wanaotembea uchi barabarani. Waache waseme, wewe wapo watakaokupokea na usingizi wako huo wa masaa matatu. Kama kufika huko ni mbali ao njia si salama, anzia kwa infirmiya (muuguzi) wa kituo cha afya cha karibu na umwambie yote vile umeniandikia, usifiche ile ya jambo baya.

Kwa leo usiku jaribu hili tu: acha kikombe kimoja kichafu kwa makusudi. Kiweke mezani ukione. Hofu itapanda, utasikia mikono inakuwasha, ikae vile vile, usikiguse, itapanda halafu itashuka yenyewe. Asubuhi kioshe. Kesho kutwa acha na sahani. Na kama unaye mama mdogo ao dada wa kulala naye pale nyumbani siku chache, mwite, ju usiku wa peke yako ndio mrefu.

Kila nikisafisha choo na Javel (dawa ya klorini) macho yanachoma na kifua kinakamata, eti ni stresi? (Baba P., Bagira)

Baba, hiyo si stresi, hiyo ni gazi. Unachanganya na nini? Javel na siki, ao limau, ao ile dawa kali ya choo yenye asidi, inatoa klorini inayochoma mapafu. Na amonia pia hapana, ata mkojo uliokaa siku nyingi chooni una amonia, kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza. Javel peke yake, na maji ya baridi, mlango wazi. Maji ya moto yanaiharibu na yanaongeza harufu. Ikikukamata tena toka nje upesi, na pumzi isiporudi vizuri nenda hospitali.

Napenda sana keki lakini delestaji (kukatwa umeme) inaniua, umeme unakuja saa nane za usiku. Naweza kuoka bila furu (oveni)? (Dada wa Nguba)

Unaweza, mama zetu walioka za harusi nzima bila furu. Tafuta sufuria kubwa nzito, weka ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili, funika, weka juu ya makala mpaka ukirushia tone la maji kwenye mchanga linakauka pale pale. Kopo la keki liingie, lisiguse pembeni, funika tena, na sasa makala mengi yapande juu ya kifuniko, chini bakisha kidogo. Watu wengi wanafanya kinyume, chini inaungua na juu inabaki uji. Usifunue kabla ya nusu saa ata harufu ikikuita, halafu jaribu na kijiti, kikitoka kikavu imeiva.

Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwa digrii 95 hivi wala si 100, ndiyo maana maharagwe yanatumalizia makala, na keki nayo inapanda haraka kisha inazama katikati. Punguza levire ya keki (baking powder) kidogo na ongeza maziwa kijiko kimoja ao viwili. Kuhusu delestaji yenyewe sina dawa, isipokuwa hili: plastiki unazotupa mtaroni zinashuka ziwani na zinaenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi I, kwa hiyo pakiti za unga na sukari zikiisha usizitupie bondeni. Mchanga wako usimwage, ukipoa urudishe kwenye kopo, unatumika tena na tena.