Vifaa vya msafiri wa kila wiki: nunua kile ambacho usiku njiani hakiuzwi

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Umesema ni ukaguzi wa hesabu, makao yako Kampala, na kila wiki utakuwa njiani: Mbale, Arua, Moroto, na mara mojamoja Kigali na Juba. Orodha uliyoweka hapa ina sanduku la magurudumu, mto wa shingoni, vifuko vya kupangia nguo, adapta ya dunia nzima na pawabanki yenye sola mgongoni, na unauliza uanze na kipi. Mimi ni fundi wa majokofu ya sola, yale yanayotunza chanjo kwenye vituo vya afya. Nakaa Arua, na kazi yangu yote inapita kwenye basi, taksi na boda. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya orodha yako inamfaa mtu anayetoka uwanja wa ndege na kupokewa na gari la hoteli. Wewe hutapokewa na gari la hoteli.

Ninavyochagua mimi ni hivi. Sabuni, kandambili, dawa ya mswaki, chai na chapati utavikuta kila kituo cha biashara, kuanzia Busia mpaka Koboko. Usivijaze begini. Beba kile ambacho saa nne usiku, umeme umekatika na maduka yamefungwa, hakuna wa kukuuzia. Na kile usichoweza kufanya kazi bila hicho kikae mapajani pako, kisiende kwenye buti wala juu ya basi.

Kwa hiyo sanduku la magurudumu liache. Magurudumu yanahitaji sakafu, na kutoka stendi mpaka lodgi utakutana na vumbi, mawe au matope. Ukipanda boda, sanduku linawekwa mbele ya dereva, juu ya tangi, na linamzuia kukata kona. Nunua begi la mgongoni la lita 35 hadi 40, lenye zipu nene na mkanda wa kiunoni. Ukubwa huo unakaa mapajani ukilazimika. Ukiwa na mzigo wa pili, fanya wanavyofanya wachuuzi: uingize kwenye gunia safi la sandarusi, shona mdomo, andika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Vumbi jekundu la kwenye buti linapenya zipu yoyote, lakini gunia lililoshonwa linapunguza sana, na hakuna anayelitamani gunia kwenye foleni ya mizigo.

Pawabanki ndiyo nataka uisome kwa makini, maana hapa watu wanatapeliwa kila siku. Acha yenye sola mgongoni. Paneli yenye ukubwa wa simu, kwenye jua kali la saa sita mchana, inatoa wati moja au moja na nusu. Pawabanki ya mAh 20,000 (miliampia-saa, kipimo kinachoandikwa kwenye betri) inabeba nishati ya takriban Wh 74, yaani wati-saa 74 (zidisha 20,000 kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000). Fanya hesabu mwenyewe: ni saa hamsini au zaidi za jua kali ili ijae, na muda wote huo betri inapikwa na joto, ambalo ndilo linaloiua mapema.

Halafu uzito. Betri za lithiamu za mviringo, zile nzuri kabisa, zina mAh 3,500 hivi kila moja na uzito unaokaribia gramu 50. Ili kufika 20,000 lazima ziwe sita, yaani karibu gramu 300 kabla ya kuhesabu ganda. Za bapa nazo hazipishani sana na hapo. Kwa hiyo ukiletewa kitu kimeandikwa 50,000 na kinaingia kwenye kiganja kikiwa chepesi, kirudishe mezani. Muombe muuza nyanya wa jirani mizani yake, upime kabla ya kulipa. Chukua ya 20,000 ya kweli. Itajaza simu ya kawaida mara tatu hivi, kwa sababu nguvu nyingine inapotea njiani. Kama kompyuta yako inachaji kwa tundu la USB-C, hakikisha pawabanki inatoa angalau wati 45 kwenye tundu hilo, la sivyo itachaji simu tu.

Siku utakapopanda ndege Entebbe, kumbuka pawabanki inaingia nawe ndani, kwenye begi la mkononi. Kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi. Chini ya Wh 100 huhitaji kibali. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Ndiyo maana nakuambia ile ya 20,000 inatosha, haina mjadala.

Adapta ya dunia nzima huihitaji. Hapa kwetu na Kenya ni plagi ya miguu mitatu ya pembe nne. Kigali na Juba utakuta matundu ya mviringo. Nunua kipande kimoja kidogo cha kugeuza, kilicho imara, basi. Umeme wenyewe ni wa aina moja, volti 220 hadi 240, kwa hiyo huhitaji transfoma. Lakini nakuomba sana uache ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile ni la waya wa ardhini. Ukilifungua kwa nguvu unaondoa kizuizi kilichowekwa ili mtu asiguse umeme. Badilisha plagi, uweke ya miguu mitatu yenye fyuzi. Na mahali popote nje ya Kampala, umeme ukikatika chomoa kompyuta mara moja. Umeme ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie. Vyombo vingi ninavyoitiwa vimeunguzwa dakika ile umeme uliporudi.

Sasa lodgi, na hapa nazungumza nawe kama mwanamke anayelala peke yake. Milango mingi ya lodgi za vituo vidogo ina komeo lenye tundu la kufuli, na ufunguo wa akiba uko kwa mtu usiyemjua. Beba kufuli lako dogo zuri. Beba na kabari ya mpira ya kusukumia chini ya mlango kwa ndani. Ukiikosa, seremala yeyote atakukatia ya mti kwa bei ya soda. Mlango ukisukumwa, kabari inakaza zaidi. Tochi ya kichwani ni ya lazima, kwa sababu choo mara nyingi kiko uani na mikono yako inahitajika kushika ndoo, kufuli na nguo. Kamba nyembamba ya mita tano itatundika neti na kuanika nguo. Neti utaikuta karibu kila chumba, ila mara nyingi imetoboka, kwa hiyo sindano na uzi viwe kwenye begi. Kushona tundu la neti kabla ya kulala hakuchukui muda, na malaria ya West Nile, huku kwetu Arua, si ya kujaribiwa.

Mto wa shingoni sinunui. Leso mbili zinafanya kazi hiyo na nyingine kumi: unazikunja ukalalia, unajifunika asubuhi basi linapopita Kabale kwenda Katuna na baridi inaingia dirishani, unajizuia vumbi, unatandika kitanda usichokiamini. Na basi linaposimama porini abiria wajisaidie, leso ndiyo ukuta wako. Vifuko vya kupangia nguo mpe fundi cherehani mabaki ya kitenge, atakushonea vinne kwa siku moja.

Pesa uliyookoa hapo nunua helmeti yako. Nasema hili kwa uzito. Utapanda boda kila wiki, na dereva wengi wana helmeti moja tu, ya kwao. Chukua inayofunika masikio, yenye mkanda unaobana chini ya kidevu, na uitikise kichwani dukani: ikicheza, si saizi yako. Ndiyo, inasumbua kubeba. Ifunge nje ya begi, ndani yake weka soksi na chupa ya maji.

Simu: kaa na laini ya MTN na ya Airtel, zote mbili, kwa sababu kuna mahali Karamoja, upande wa Moroto, moja inashika na nyingine haishiki. Laini yenye pesa iweke kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, si kwenye simu kubwa. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, hakina mvuto kwa mwizi wa dirishani, na simu kubwa ikizimika bado unaweza kulipa chumba.

Mipaka ina mambo yake. Kigali unaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa, lakini Juba andaa pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo kadi yake inaanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa wiki ya safari. Ukiwa na kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi, usichome tena: tangu Julai 2016, kwa kanuni za WHO, chanjo moja inatosha maisha yote. Nyaraka zitie kwenye bahasha ngumu isiyopitisha maji. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, ziache nyumbani kabisa. Rwanda walizipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, na mpakani watakufungulia begi.

Saa pia. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, na Juba nao tangu Februari 2021. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inajibadilisha yenyewe, na ukirudi mpakani inaweza kuruka huku na huku. Saa ndogo ya mkononi iliyobaki kwenye saa ya Kampala inasaidia, ila tiketi ya kurudi isome kwa saa ya mji unapopandia.

Kama mshahara wa kwanza hautoshi vyote, anza na begi, helmeti, kufuli na tochi. Pawabanki inaweza kusubiri mwezi wa pili, kwa sababu mabasi mengi ya masafa marefu siku hizi yana tundu la kuchajia simu. Niambie tu kompyuta watakayokupa ni ya aina gani na chaja yake imeandikwa wati ngapi, nikuchagulie waya unaofaa.