Muulize Mwalimu: Kumtafutia mtoto mwalimu wa aljebra

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ya kata hapa Mbagala. Darasa la saba alifaulu hisabati vizuri, lakini mtihani wa muhula uliopita amepata alama 21 kati ya 100, na karibu maswali yote aliyokosa ni ya aljebra. Nilimpeleka tuisheni ya kituo kwa miezi mitatu, ambako walikuwa zaidi ya arobaini katika chumba kimoja, na sikuona mabadiliko. Sasa nataka mwalimu wa kuja nyumbani. Nimepata wawili: mmoja ni mhitimu wa chuo kikuu anayetaka shilingi 15,000 kwa kila kipindi, mwingine ni kijana aliyemaliza kidato cha sita anayetaka shilingi 5,000. Mimi na baba yake hatukufika sekondari, kwa hiyo hatuna namna ya kumpima mwalimu wa hisabati. Tumchukue yupi, na tutajuaje kwamba fedha yetu haipotei? Nimeambatisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari lake.
Mama Zuhura, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Nimeitazama picha ya daftari kabla ya kufikiria bei za walimu, na naomba nawe ufuate utaratibu huohuo, kwa sababu ukurasa mmoja wa makosa unasema mengi kuliko ile 21 ya wino mwekundu.

Swali la tatu lilikuwa 3(x − 4) = 2x + 5. Binti ameandika 3x − 4 = 2x + 5, akaendelea hadi akapata x = 9. Ukiifuatilia kazi yake mstari kwa mstari utaona kwamba ile sehemu ambayo watu huiita aljebra, yaani kukusanya herufi upande mmoja na namba upande wa pili, ameifanya bila kosa lolote. Amejikwaa kwenye mstari wa kwanza tu: ile 3 iliyo nje ya mabano ameizidisha kwa x peke yake na kuiacha 4 kama ilivyo, ilhali ilipaswa kuwa 12, na jibu kuwa 17. Katika swali la tano ameandika kwamba −7 + 3 ni −10. Katika swali la saba amejumlisha x/2 na x/3 akapata 2x/5, juu kwa juu na chini kwa chini, badala ya 5x/6.

Mabano, namba hasi na sehemu: yote matatu yalipaswa kuwa yamekaa sawa kabla hajaingia kidato cha pili. Nina hakika ukimwuliza kuhusu MAGAZIJUTO atakutajia bila kusita, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kama walivyokaririshwa shule ya msingi. Anaujua mpangilio wa kazi, ila hajaelewa kwamba namba iliyosimama nje ya mabano inamhusu kila aliyemo ndani. Kwa hiyo sishangai kwamba kituo hakikumsaidia. Mwalimu mwenye watoto arobaini hulazimika kwenda na mada ya wiki, na mada ya wiki haikuwa mabano.

Neno lenyewe aljebra limetoka katika Kiarabu, al-jabr, nalo lilitumiwa na al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, kwa maana ya kukirudisha kilichopungua mahali pake. Neno hilohilo ndilo la kuunga mfupa uliovunjika. Nalipenda neno hilo kwa sababu fundi wa kuunga mifupa hupapasa kwanza ajue palipovunjika, hata kama mgonjwa analalamikia mahali pengine. Mwalimu unayemtafuta ni wa namna hiyo, na sifa hiyo unaweza kuipima wewe mwenyewe, hata kama hukufika sekondari.

Mwite kila mmoja kwa kipindi kimoja cha majaribio, na umlipe kipindi hicho, maana si haki kumfanyisha mtu kazi ya bure kwa kisingizio cha kumpima. Kabla hajafundisha chochote, mpe ukurasa ule na umwulize: "Mwanangu aliwaza nini alipoandika hivi?" Akikujibu kwamba mtoto hana msingi, akaishia hapo, au akafungua kitabu na kuanza na mada mpya, mshukuru na umuage. Akiinamia daftari, akamwita Zuhura na kumwambia, "Hebu nieleze hapa ulifanyaje," huyo ana dalili njema. Kisha kaa palepale sebuleni ukichambua mchele wako, usikilize na kuangalia jambo moja tu: kalamu iko mkononi mwa nani. Kuna walimu wanaojua hisabati kwelikweli, ambao kwa saa nzima huandika wenyewe kwa mwandiko mzuri huku mtoto akiitikia "ndiyo, mwalimu", na akiondoka hajabakiza kitu. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka yangu ya mwanzo, na niliona nafundisha vizuri sana.

Jambo la pili la kusikiliza ni lugha. Mtoto wako amesoma hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha kidato cha kwanza amekutana na somo lilelile kwa Kiingereza, na sehemu ya anguko lake iko hapo. Chukua maswali ya maelezo. Kwa Kiswahili tukisema "namba fulani ukiipunguza tano", namba inatangulia na tano inafuata, hivyo mtoto anaandika x − 5 bila taabu. Kiingereza kinaweza kuitanguliza tano kwa maana ileile, "five less than a number", na mtoto anayefuata mpangilio wa maneno ataandika 5 − x. Mwalimu anayefaa hulisoma swali kwa Kiingereza, hulieleza kwa Kiswahili mpaka mtoto alione jambo lenyewe, kisha humrudisha kwenye Kiingereza ambacho ndicho atakachokutana nacho kwenye mtihani. Anayefundisha kwa Kiingereza kitupu ili aonekane msomi hatamfaa, na anayebaki kwenye Kiswahili mwanzo hadi mwisho atamfaa nusu.

Sasa kuhusu yupi kati ya wawili. Kama wote wawili watakuwa sawa katika jaribio, mimi ningemchukua yule kijana. Kwa shilingi 15,000 utapata vipindi vitatu kwa wiki badala ya kimoja, na aljebra ni kazi ya mkono kama ususi, hutaka kuguswa mara kwa mara; kipindi kimoja kirefu kila Jumamosi huwa kimesahaulika ikifika Jumatano. Hakikisha tu kwamba alisoma tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo wa kidato cha tano na sita, yenye hisabati ndani yake, kama vile PCM, PGM au EGM, na umwombe akuonyeshe matokeo yake. Udhaifu wa vijana hawa ni wawili. Wanakimbia, kwa sababu kwao mambo haya ni mepesi. Na wanaondoka, ama kwenda JKT ama chuoni, mara nyingi wakati ambapo mtoto ameanza kuwazoea. Kwa hiyo patana naye kwa wiki nane zinazojulikana mwanzo na mwisho, wala usimlipe muhula mzima kwa mkupuo.

Ikiwa wote wawili wataanguka, usirudi kwenye yale mabango ya nguzo za umeme yanayoahidi alama A kwa mwezi mmoja. Chang'ombe si mbali nawe, na pale kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, ambako wanasoma vijana wanaojiandaa kuwa walimu wa hisabati. Nenda ukaulize katika idara inayohusika wakuelekeze kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye ameshafanya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu yeyote utakayempata, mwulize kama husoma zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kwenye tovuti yake. Ndani yake wamebandika majibu halisi ya watahiniwa, sahihi na yaliyokosewa, pamoja na maelezo ya kosa lilipoanzia, na mwalimu asiyezijua anajinyima chombo cha bure. Vitabu navyo usivinunue kwa haraka, kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vya kiada vinasomwa bila malipo.

Jambo hili halina mjadala: masomo yafanyike sebuleni, mlango ukiwa wazi, na mtu mzima akiwapo nyumbani. Chukua nakala ya kitambulisho cha mwalimu na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, na mawasiliano yote yapitie simu yako, si ya binti. Mwalimu mwadilifu hatachukia.

Umeuliza utajuaje kwamba fedha haipotei. Usisubiri alama za shuleni, kwa sababu hizo huchelewa kupanda hata mtoto akiwa ameshapona. Baada ya wiki nne, mwombe mwalimu aandike upya maswali ya ukurasa ule ule kwa namba tofauti, Zuhura ayafanye peke yake, kisha akuthibitishie majibu mbele yako. Hapo ndipo uzuri wa mlinganyo unapokusaidia hata wewe. Weka ile 9 yake mahali pa x: upande wa kushoto, 9 toa 4 ni 5, mara 3 ni 15, upande wa kulia, 9 mara 2 ni 18, ongeza 5 ni 23. Mizani imelala upande mmoja. Weka 17: kushoto unapata 39, na kulia unapata 39. Hesabu hiyo unaiweza kwa kikokotoo cha simu, na mtoto anayezoea kuifanya kila jioni mbele ya mama yake hujikamata mwenyewe kabla mwalimu hajamkamata.

SWALI: Mwalimu, mwanangu yuko gredi ya nane. Mwalimu wake wa hisabati wa darasani ameniambia kijana ni dhaifu katika aljebra, na amejitolea kumfundisha jioni kwa malipo. Naona haya kukataa, maana ndiye anayemsahihishia mitihani.
Baba Athumani, Mombasa

JIBU: Baba Athumani, haya hiyo uliyonayo ndiyo inayonifanya nikushauri ukatae. Sisemi kwamba mwalimu huyo ana nia mbaya. Huenda amemwonea mtoto huruma kwa dhati. Lakini mtu anayelipwa jioni kwa yale ambayo mtoto hakuyaelewa asubuhi anajikuta na maslahi mawili yanayovutana, na wewe utakuwa hujui tena kama alama zilizopanda zimepanda kwa sababu kijana ameelewa. Mshukuru, umwambie umempata mtu wa familia wa kumsaidia, kisha umwombe jambo ambalo ni wajibu wake bila malipo: akuandikie ni maswali ya aina gani hasa yanayomshinda kijana. Karatasi hiyo umpe mwalimu mwingine utakayemtafuta. Kama alikuwa anapanga kuwakusanya watoto shuleni wakati wa likizo, ujue pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo.

SWALI: Nafanya kazi Muscat, na mwanangu wa kidato cha tatu yuko Unguja kwa shangazi yake. Nimempata mwalimu anayefundisha aljebra kwa simu ya video. Je, inafaa?
Baba Nassir, Muscat

JIBU: Inafaa, Baba Nassir, kwa sharti moja ambalo wengi hawalifikirii. Katika masomo ya video mwalimu na mwanafunzi hutazamana usoni, na uso hausemi kitu kuhusu mabano yaliyofunguliwa vibaya. Mwambie shangazi yake apange vitabu mezani, alaze simu juu yake kamera ikichungulia chini, ili mwalimu aone daftari na mkono wa mtoto unapoandika. Ikiwa mwalimu atasema haihitaji, kwamba mtoto atamtumia picha za majibu baadaye, basi huyo atasahihisha tu, hatafundisha. Na bando umnunulie shangazi, lisitoke mfukoni mwake.