Maswali na Majibu: Betri za lithiamu safarini

Tangu niandike hapa kwamba nimerudia mafunzo ya kufunga na kusafirisha betri za lithiamu, maswali hayajakauka. Nimechukua matano, mengine nimeyafupisha.

Kaka, kila Alhamisi namtumia mwenzangu wa Singida betri za simu kwa basi, thelathini au arobaini ndani ya kiroba. Juzi konda kazikataa. Mbona abiria wanapanda na simu zao na hakuna anayewauliza? – Fundi simu, Majengo

Konda ana haki, ukimwona mnunulie soda. Betri iliyo ndani ya simu imekaa kwenye gamba lake, haiguswi na kitu. Zako arobaini zinasuguana kutoka Dodoma, zinapita Bahi, Manyoni, Ikungi. Pini za moja zikikutana na za nyingine, au na bisibisi uliyoisahau humo kirobani, hiyo ni shoti. Betri ikishapata moto wa kutosha, utando mwembamba unaotenganisha chanya na hasi ndani yake unayeyuka. Kuanzia hapo inajichemsha yenyewe, na jirani yake anafuata.

Mafunzoni mkufunzi alitugawia betri sita sita zilizochoka, boksi na selotepu. Mimi nilimaliza wa kwanza, najiona mjuzi. Akaliinua boksi langu, akalitikisa karibu na sikio. Kwa-kwa-kwa. Hakusema neno, akalipasua kwa wembe mbele ya darasa zima: betri mbili zilikuwa zimechomoka kwenye vifuko vyake, zimelaliana pini kwa pini. Nilianza upya huku wenzangu wanakunywa chai.

Kwa hiyo fanya hivi. Ziba pini kwa selotepu, kila betri iwe na kifuko chake cha plastiki, tumia boksi gumu la karatasi na si kiroba, jaza nafasi zote kwa karatasi zilizokunjwa, na usiweke chuma chochote pamoja nazo. Kisha litikise. Likicheza, fungua. Nje andika kilichomo, na pale ofisi ya vifurushi kiseme kwa mdomo pia. Wakikataa hata hivyo, usibishane nao. Gari ni lao.

Nikituma kwa ndege wakala ananiambia andika "vipuri vya simu", mzigo utapita haraka. Kuna ubaya? – Mfanyabiashara, Sabasaba

Upo, na mkubwa. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai, ikashika moto angani na kuanguka ikijaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Ndani kulikuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu, na uchunguzi ulikuta kwamba angalau mizigo mitatu ilistahili kutangazwa kuwa mizigo hatari ya daraja la 9, kundi ambamo betri hizi zimo, lakini haikutangazwa. Rubani hana macho ya kuona ndani ya boksi lako. Anachojua ni kile ulichoandika.

Maneno sahihi yapo na hayana ugumu: ni namba za Umoja wa Mataifa (UN) za kutambulisha mizigo hatari. Betri za lithiamu-ioni zikiwa peke yake ni UN3480. Zikiwa ndani ya kifaa au zimefungwa pamoja nacho, UN3481. Za lithiamu metali, zile zisizochajiwa, ni UN3090 na UN3091. Tangu Aprili 2016 UN3480 haziruhusiwi kabisa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Hupanda ndege za mizigo tu, na chaji isizidi asilimia 30, kwa sababu betri yenye chaji ndogo ikiharibika haina nguvu nyingi ya kuwasha jirani zake. Huyo wakala wako, kwa kweli, ningemhama.

Shikamoo. Nafanya kazi ofisi ya mizigo ya ndege. Bosi anasema cheti nilichopata 2021 kinatosha maisha yote. – Binti, Area C

Marahaba. Hakitoshi. Kwa mizigo hatari ya ndege mafunzo hurudiwa ndani ya kila miezi 24, kwa hiyo chako kimelala zamani. Na tangu Januari 2023 utaratibu wenyewe umebadilika: mtu hufundishwa na kupimwa kwa kazi anayoifanya. Anayepokea mzigo dirishani hapimwi kama anayeupakia. Muulize bosi wako kwa heshima kama yuko tayari kumweleza hayo mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nafunga sola Kondoa. Mteja ana haraka, anataka betri ya volti 51.2, ampea-saa (Ah) 100, iletwe Dodoma kwa ndege kutoka Dar. Inawezekana? – Fundi sola

Zidisha volti kwa Ah: wati-saa 5,120. Ni betri tupu, UN3480, kwa hiyo ndege ya abiria isahau. Hata ndege ya mizigo ina kikomo cha kilo 35 za betri kwa boksi moja bila kibali maalumu, na betri ya ukubwa huo huwa inazidi hapo. Mpigie mteja umwambie inakuja kwa lori.

Ije kwenye boksi lake la kiwandani, si kwenye blanketi. Muuzaji akupe muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, ambayo betri hupitishwa kwenye joto na baridi, mtikisiko, kishindo na shoti ya makusudi. Asiyekuwa nao, mimi simwachii pesa yangu. Boksini tafuta pia alama ya daraja la 9: umbo la almasi, mistari myeusi ya wima juu, picha ya betri inayotoa moto chini.

Hesabu hiyo hiyo inamjibu kijana wa Nzuguni aliyeuliza kuhusu pawabenki. mAh 20,000, yaani Ah 20, kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, chini ya 100 zinazoruhusiwa bila kuomba. Panda nayo kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Betri ya simu ya mwanangu imevimba kama andazi. Dukani Dar wanasema niirudishe wanipe nyingine. Niitume? – Mama, Chang'ombe

Hapana, mama. Iliyovimba, iliyotobolewa au iliyolowa haipandi ndege hata ikiwa ndani ya simu, na kwenye basi usiwafanyie abiria hivyo. Piga picha uwatumie dukani, wakikataa ni hasara ndogo. Usiichaji, usiitoboe kupunguza upepo, usiibonyeze simu ifunge. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na jiko na majani makavu, mpaka upate fundi wa kuipokea. Ikishika moto, kaeni mbali na moshi wake maana una sumu, mwagieni maji mengi ipoe na endeleeni hata miali ikizimika, kwani huwaka tena. Zimamoto ni 114. Na hilo kopo usilifunike kwa mfuniko wa kukaza.