Jibu: Nani hasa alitengeneza The Constant Gardener?

Mkuu, uliuliza kama ile filamu iliyopigwa Kibera ni ya studio ya Hollywood. Hapana. Iliandaliwa na Potboiler Productions, kampuni ndogo huru ya London iliyoasisiwa na Simon Channing Williams na Gail Egan. Wamarekani wa Focus Features waliisambaza kwao, na mwongozaji, Fernando Meirelles, ni Mbrazili.

Kampuni huru maana yake haimilikiwi na kituo cha televisheni wala studio kubwa. Inanunua haki za kitabu, hapa riwaya ya John le Carré ya 2001, inalipia mwandishi wa skripti, ndipo inazunguka kuchangisha: huku mfuko wa filamu, kule msambazaji anayelipa kabla hajaona picha hata moja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kamera huja mwishoni kabisa.

Filamu ilitoka 2005, Rachel Weisz akapata Oscar. Ninachowaheshimu zaidi ni kwamba waliacha mfuko wa kusaidia Kibera na Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, hasa kwenye elimu. Wengi hupiga picha zao wakaondoka.

Ukipenda mtindo wao, tafuta pia A Most Wanted Man ya 2014.